Maswali na Majibu ya Ujenzi: Majivu ya Pumba za Mpunga Ndani ya Zege

Kila bei ya saruji inapopanda, barua zinazofika katika safu hii huuliza jambo moja kwa namna nyingi: je, kuna kitu cha hapa hapa kijijini ambacho mtu anaweza kuongeza katika saruji ili mifuko ipungue? Safari hii wengi wameuliza kuhusu majivu, hasa majivu ya pumba za mpunga. Nimechagua barua zilizogusa mambo tofauti, nami nitakaa zaidi pale ambapo kosa linaweza kuangusha nyumba ya mtu.

Shikamoo Mhandisi. Nina mashine ya kukobolea mpunga hapa Ubaruku, wilayani Mbarali. Nyuma ya mashine pumba zimekuwa kilima. Wafyatuaji wa matofali huja kuzichukua kwa ajili ya kuchomea tanuri, na wakishamaliza hubaki majivu mengi yasiyo na mwenyewe. Kijana wangu aliyeko chuoni ananiambia majivu hayo yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Ni kweli, au ni mambo ya darasani tu?
*Mwenye mashine, Ubaruku*

Marahaba, ndugu yangu. Kijana wako amesema kweli kuhusu pumba, lakini majivu aliyofundishwa si yale yaliyobaki chini ya tanuri la matofali, na tofauti hiyo ndiyo yenye uzito kuliko yote nitakayoandika leo.

Mmea wa mpunga hunyonya silika iliyoyeyuka katika maji ya udongo na kuilimbikiza kwenye ganda la punje. Pumba zikiungua, vitu vinavyoshika moto huondoka na silika hubaki, hivyo kwamba majivu huwa karibu moja ya tano ya uzito wa pumba, na yakichomwa vizuri silika ndani yake hufikia kati ya asilimia 85 na 95. Kwa upande wa saruji, inapokutana na maji hutengeneza gundi ya kalsiamu na silika, ambayo ndiyo inayoshika mchanga na kokoto mpaka vikawa jiwe moja. Lakini papo hapo huzaa pia chokaa iliyozimwa, ambayo haiongezi nguvu yoyote ya maana na ambayo maji yanayopenya huweza kuiyeyusha taratibu. Silika ya majivu, ikiwa ni ya aina inayofaa na ikiwa imesagwa laini, huungana na chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi ile ile yenye nguvu. Kwa hiyo majivu hayawi saruji yenyewe: hufanya kazi kwa kutumia mabaki ya saruji, na pasipo saruji au chokaa ya kuungana nayo hubaki kuwa vumbi tu.

Kitu chenye tabia hiyo wataalamu hukiita pozolana, na si kigeni hata kidogo. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya eneo la Pozzuoli, karibu na Naples, na kuba la zege la Pantheon mjini Roma, ambalo lina umri wa takriban miaka 1,900, lipo hadi leo. Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, viwanda vya saruji vinachanganya mawe na majivu ya volkano katika saruji wanayotuuzia, jambo ambalo nitalirudia nikimjibu fundi wa Ifakara.

Sasa nirudi kwenye tanuri. Silika ina hali mbili zinazotuhusu. Pumba zikiungua katika joto la kati ya nyuzi 500 na 700 za sentigredi, zikiwa na hewa ya kutosha, silika hubaki bila mpangilio maalumu ndani yake, na katika hali hiyo ndipo huwa tayari kuungana na chokaa. Joto likipita nyuzi 800 na kudumu, silika hujipanga kuwa fuwele ngumu, ambazo ndani ya zege hazina faida kubwa kuliko mchanga laini. Hewa ikikosekana, majivu hubaki meusi kwa sababu ya mkaa uliomo, na mkaa huo hunyonya maji na kupunguza nguvu ya zege. Katika miaka ya 1970 Profesa P. K. Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha wazi kwamba ubora wa majivu haya unatokana na namna yalivyochomwa, na kazi nyingi zilizofuata duniani zimejengwa juu ya msingi huo.

Tanuri la matofali halikuundwa kwa ajili ya majivu. Katikati yake joto hupanda hadi udongo uive, mara nyingi kupita nyuzi 900, huku kandokando pumba zikifuka moshi bila kuungua sawasawa, na mwishowe yote huchanganyika na vipande vya udongo uliomeguka. Ukichota ndoo moja hapo unachota majivu yaliyopitiliza, mkaa na vumbi la matofali kwa pamoja, na ndoo inayofuata itakuwa na mchanganyiko mwingine kabisa. Mimi singeyatia katika zege ya aina yoyote ile. Yapeleke kwenye njia ya kuingilia kiwandani kwako, au bustanini.

Ukitaka kuyapata yaliyo bora, pumba zichomwe peke yake, katika kapu kubwa la wavu wa chuma au pipa lililotobolewa tundu nyingi pande zote, lenye bomba lenye matundu katikati ili hewa ipite. Ziwashwe, kisha ziachwe ziungue polepole zenyewe kwa saa nyingi bila kupuliziwa. Hazihitaji kuni wala mafuta. Majivu mazuri hutoka ya kijivu kilichofifia au karibu na meupe. Meusi yarudishwe motoni. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa hata yaliyoungua kupita kiasi huweza kuwa meupe, kwa hiyo fanya jaribio hili la awali: saga majivu yawe laini kama saruji, changanya na chokaa iliyozimwa kwa uzito sawa, tia maji kidogo upate donge zito, lifunge katika mfuko wa plastiki ili lisikauke, na lifungue baada ya wiki moja au mbili. Likiwa limeshika na kuwa gumu, kisha likakaa ndani ya maji bila kumumunyuka, majivu yako yana uhai. Likivunjika kwa vidole, acha. Jaribio hilo linakuambia kama inafaa kuendelea kwenda maabara, lakini halitoshi kukupa ruhusa ya kumwaga zege.

Mheshimiwa Mhandisi, mimi ni fundi ujenzi, Ifakara. Mteja wangu amesikia kwamba tunaweza kupunguza robo ya saruji na kuweka majivu ya pumba, na anataka nifanye hivyo kwenye nyumba nzima. Mimi hupima kwa ndoo na toroli. Naomba unieleze kipimo sahihi, maana nyumba ikipata nyufa atakayelaumiwa ni mimi.
*Fundi, Ifakara*

Fundi, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuanza, na nakuomba umsomee mteja wako jibu hili lote.

Kabla ya kuzungumzia majivu, geuza mfuko wa saruji mnayotumia na usome maandishi madogo. Viwango vya saruji vya Tanzania na vya Afrika Mashariki vinafuata mpangilio wa Ulaya, kwa hiyo utakuta herufi CEM zikifuatwa na namba ya Kirumi. CEM I ni saruji ambayo karibu yote ni klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa hadi takriban nyuzi 1,450 na kusagwa. CEM II/B-P tayari imetiwa pozolana kati ya asilimia 21 na 35. CEM IV/B imetiwa kati ya asilimia 36 na 55. Saruji nyingi za daraja la nguvu la 32.5 katika maduka yetu ni za aina hizi zilizochanganywa, na hata iliyoandikwa 42.5 si lazima iwe CEM I. Tuseme una mfuko wa CEM IV/B ambao nusu yake ni klinka. Ukiondoa robo ya mfuko huo na kuweka majivu, klinka inabaki chini ya asilimia 38 ya mchanganyiko, na chokaa inayozalishwa haitoshi tena kuyahudumia majivu yote yaliyomo. Kiwanda kimeshafanya kazi ambayo mteja wako anataka ifanyike mara ya pili. Kwa saruji ya namna hiyo, jibu langu ni kwamba usiongeze chochote.

Ikiwa mna CEM I, mlango upo. Majaribio mengi ya maabara yaliyofanywa kwa majivu yaliyochomwa na kusagwa vizuri yanaonyesha kwamba kubadilisha kati ya asilimia 10 na 20 ya saruji kunaweza kutoa zege yenye nguvu sawa na ya kawaida, na pengine kuizidi baada ya siku 28. Maneno ya maana katika sentensi hiyo ni yale ya kuchomwa na kusagwa vizuri. Kwa kazi ya mtaani ambako hakuna mtu anayepima joto la moto, mimi nasimamia asilimia 10, wala sitamruhusu mtu afike kwenye robo bila vipimo vya maabara mkononi.

Asilimia hiyo ni ya uzito, na hapa ndipo ndoo yako itakapokudanganya. Ndoo ya lita 20 iliyojaa saruji hukaribia kilo 28, lakini ndoo hiyo hiyo ikijazwa majivu yaliyosagwa haifiki nusu ya uzito huo, kwa sababu majivu ni mepesi na yana matundu mengi sana ndani ya kila chembe. Kwa hiyo nunua au azima mizani. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, unatumia kilo 45 za saruji na kilo 5 za majivu. Kwa kazi ya mifuko kumi, mifuko tisa na kilo 50 za majivu. Vichanganye vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze mchanga na kokoto.

Suala la maji lina hatari zaidi. Matundu hayo niliyoyataja yananyonya maji kama sifongo, hivyo zege itaonekana kavu, saidia fundi atalalamika kwamba koleo haliendi, na mtu atamimina ndoo ya ziada. Maji hayo ya ziada, yakishakauka, huacha vitundu ndani ya zege na kuchukua nguvu yote ambayo majivu yangeleta. Katika kazi kubwa hutumika dawa za kulainisha zege bila kuongeza maji. Usipokuwa nazo, punguza majivu. Usitatue ugumu wa zege kwa bomba la maji.

Kuhusu nyumba nzima, kataa kwa heshima. Anzia katika jamvi la chini lililokaa juu ya udongo ulioshindiliwa, njia ya kutembea, bloku za ukuta wa uzio, au plasta. Nguzo, mkanda, lenta na slabu ni sehemu zinazobeba watu, na humo majivu yasiingie mpaka kuwe na mhandisi aliyebuni mchanganyiko na matokeo ya maabara yaliyotiwa saini.

Hujambo Mhandisi? Nakuandikia kutoka Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Ninajenga nyumba ya kupangisha. Fundi wangu aliweka majivu ya maganda ya mchele kwenye zege ya slabu bila kuniuliza, na sasa ni siku ya tano. Anataka kutoa mbao wiki hii kwa sababu anazihitaji katika kazi nyingine. Nimeikwaruza slabu kwa msumari na inachubuka. Nifanye nini?
*Mama mwenye nyumba, Mwea*

Sijambo, mama, na nimejibu barua yako kwa njia ya posta mara ilipofika, kwa sababu haikuweza kungoja gazeti. Naichapisha ili wengine wasiingie katika hali hiyo.

Mbao zisitolewe, na mirunda isiguswe hata mmoja. Hata slabu ya saruji tupu haitolewi mirunda siku ya tano. Zege yenye majivu huenda polepole zaidi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa majivu hungoja saruji izalishe chokaa kwanza ndipo yaanze kazi. Nguvu yake huendelea kukua baada ya siku 28, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupimwa tena siku ya 56 na ya 90. Kuchubuka kwa msumari hakuthibitishi kwamba slabu imeharibika, bali kunaonyesha kwamba bado ni changa au kwamba sehemu ya juu ilikauka mapema.

Imwagiliwe maji bila kukosa. Tandaza magunia au mchanga juu yake, uloweshe asubuhi, mchana na jioni, na ufunike kwa nailoni usiku, angalau kwa siku 14. Zege ya kawaida inadai siku saba, lakini yenye pozolana inadai zaidi, kwa kuwa maji yakiisha ndani yake kazi ya majivu husimama hapo hapo na haiendelei tena.

Kisha mtafute mhandisi aliyesajiliwa aje na kifaa cha kugonga zege ili kupata makadirio ya awali, na baada ya siku 28 akate vipande vya duara kutoka sehemu atakazochagua mwenyewe, vipelekwe maabara vikavunjwe. Vyuo vikuu vyenye idara ya uhandisi wa ujenzi vinafanya kazi hiyo kwa malipo. Matokeo yakifikia nguvu iliyoandikwa kwenye ramani, nyumba yako iko salama. Yasipofikia, mhandisi ataamua kama slabu itaongezewa nguvu au itavunjwa. Najua ni gharama ambayo hukuipangia. Wapangaji watalala chini ya slabu hiyo na watoto wao, na hakuna mbao za fundi zenye haraka kuliko hilo.

Kwa mafundi wanaosoma: kumwekea mteja kitu kipya kwenye zege bila kumwambia ni kumwibia haki yake, hata kama nia ilikuwa kumpunguzia gharama.

Mhandisi, je, majivu ya kuni za jikoni yanafaa? Na ya maganda ya kahawa? Huku kwetu Mbinga maganda ya kahawa ni mengi.
*Msomaji, Mbinga*

Hayafai. Majivu ya kuni yana kalsiamu na potasiamu nyingi na silika kidogo. Majivu ya maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi zaidi, na chumvi za namna hiyo zikizidi katika zege zinaweza kushambulia aina fulani za kokoto, zikatengeneza ute unaovimba na kuipasua zege baada ya miaka. Maganda ya kahawa yarudi shambani kama mboji, ambako potasiamu hiyo inatakiwa.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nyumbani ni Kilombero karibu na mashamba ya miwa. Kwa nini kila mtu anazungumzia mpunga, ilhali viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa kila siku na kutupa majivu?
*Mwanafunzi, Kilombero*

Swali lako ni zuri, na ningependa ulifanye kuwa mradi wako wa mwaka wa mwisho. Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi kote kuna viwanda vinavyochoma makapi ya miwa ili kupata mvuke na umeme, kwa hiyo majivu yapo tayari mahali pamoja, na hakuna mtu anayehitaji kuwasha moto mwingine. Hiyo ni faida kubwa ambayo mpunga hauna, kwa sababu mashine za kukoboa zimetawanyika vijijini.

Tatizo ni mambo mawili. Makapi hufika kiwandani yakiwa na mchanga wa shambani, hivyo sehemu ya silika utakayoiona kwenye karatasi ya maabara ni mchanga wa kawaida usioungana na chokaa. Pia matanuri ya mvuke huendeshwa kwa ajili ya mvuke: joto hupanda na kushuka, mahali pengine hupita nyuzi 800, na pengine makapi hutoka yakiwa bado na mkaa. Ndiyo maana majivu haya huhitaji kuchekechwa, mara nyingine kuchomwa tena, na kusagwa sana.

Usidanganywe na kipimo kimoja. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618, kinachotumiwa na watafiti wengi, kinataka silika, alumina na oksidi ya chuma kwa pamoja zifike asilimia 70, lakini majivu yenye mchanga mwingi yanaweza kuvuka mstari huo kwa urahisi na bado yakawa hayafanyi kazi. Kiwango hicho hicho kinataka pia upoteaji wa uzito katika moto usizidi asilimia 10 kwa pozolana za asili, mabaki kwenye chekeche la mikromita 45 yasizidi asilimia 34, na mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) yenye asilimia 20 ya majivu badala ya saruji ifikie angalau asilimia 75 ya nguvu ya mota ya saruji tupu. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ukiamini zaidi. Ukipata nafasi ya kupima kwa miale ya eksirei ni kiasi gani cha silika ni fuwele, usiiache. Na utengeneze pia sampuli ambamo badala ya majivu umeweka mchanga uliosagwa laini kwa kiasi hicho hicho, ili ujue ni sehemu gani ya nguvu imetokana na kazi ya majivu na ipi imetokana na kujaza nafasi tu. Tafiti nyingi za wanafunzi nilizosoma zinakosa sampuli hiyo, na bila hiyo hitimisho lao halisimami.

Salamu kutoka Pangani. Nyumba zetu karibu na bahari hazidumu. Nondo zinakula kutu, zege inabanduka. Nimeambiwa majivu ya pumba yanazuia chumvi. Ni kweli?
*Msomaji, Pangani*

Ni kweli, na kwangu hii ni sababu nzito ya kutumia majivu kuliko hata kupunguza gharama. Gundi ya ziada inayotokana na majivu huziba njia nyembamba ndani ya zege, na chumvi ya bahari huchukua muda mrefu zaidi kuifikia nondo. Faida hiyo imethibitishwa mara nyingi kwa majivu yaliyo bora.

Hata hivyo, majivu hayataokoa zege iliyokosewa mambo ya awali. Nyingi kati ya nyumba zinazobanduka pwani zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni, au kwa maji ya kisima chenye chumvi, au nondo zililazwa zikigusa mbao kiasi kwamba zege iliyozifunika haikufika hata sentimita mbili. Tumia mchanga wa mtoni au wa shimo ulio safi, maji matamu, zege isiyo na maji mengi, na biskuti, kama mafundi wanavyoviita vipande vya kuinulia nondo, zenye unene wa milimita 50 kwa sehemu zinazopigwa na upepo wa bahari. Ukishayatimiza hayo, asilimia 10 ya majivu yaliyopimwa itakuongezea miaka. Isitoshe, pwani ndiko saruji iliyochanganywa kiwandani, CEM II au CEM IV, inakofaa sana, kwa hiyo pengine unachohitaji kipo tayari dukani.

Mhandisi, sisi ni kikundi cha vijana Kahama, tuko karibu na mashine nyingi za kukoboa mpunga. Tunataka kuchoma na kusaga majivu, tuyauze kwa mafundi kama biashara. Tumepata mtu mwenye mashine ya kusaga unga ambaye yuko tayari kutukodisha usiku. Tunaomba ushauri wako.
*Kikundi cha vijana, Kahama*

Vijana, wazo lenu nalipenda, lakini nianze na mashine hiyo. Mashine inayosaga unga wa watu isisage majivu, hata kwa usiku mmoja, hata mkiahidi kuisafisha. Tena haitafaa kitaalamu: majivu yanahitaji kinu cha pipa linalozunguka lenye mipira ya chuma, kwa saa kadhaa, mpaka yawe laini kama saruji au zaidi.

Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Majivu yaliyochomwa kupita kiasi yana silika ya fuwele, na vumbi la silika ya namna hiyo huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Tangu 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakitoshi. Nunueni barakoa za kuchuja vumbi laini, kinu kifungwe, na kazi ya kuchekecha isifanyike mahali pa wazi palipo na nyumba za watu.

Fanyeni pia hesabu. Pumba ni karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga, na majivu ni karibu moja ya tano ya pumba, hivyo tani 10 za mpunga hutoa tani mbili za pumba na kilo 400 za majivu, sawa na mifuko minane ya kilo 50. Ili kupata mfuko mmoja tu mnahitaji pumba za tani moja na robo ya mpunga. Pumba ni nyepesi na hujaza lori haraka, kwa hiyo tanuri liwe pale pale penye mashine. Kumbukeni kwamba wafyatuaji wa matofali na wafugaji wa kuku nao wanazihitaji, na siku mtakapoanza kuzichukua zote zitapata bei.

Mnunuzi mkuu msimtafute kwa fundi mmoja mmoja. Tafuteni watengenezaji wa bloku na vigae vya sakafu ambao tayari wanapima mchanganyiko wao na wanatengeneza kitu kimoja kila siku, kwa sababu mahali hapo ubora unaweza kufuatiliwa. Kabla ya kuuza mfuko wa kwanza, zungumzeni na Shirika la Viwango Tanzania mjue mnatakiwa kutimiza nini, na pelekeni sampuli maabara. Mche wa zege wa milimita 150 kila upande, ukiwa wa zege ya nyutoni 20 kwa milimita ya mraba, unapaswa kubeba kilonyutoni 450, yaani karibu tani 46, kabla haujavunjika. Tengenezeni miche ya saruji tupu na ya majivu siku moja, kwa mchanga na kokoto zile zile, mvunje baada ya siku 7, 28 na 56. Mkibadilisha tanuri, au chanzo cha pumba, au muda wa kusaga, rudieni.

Wapo watakaowaambia kwamba mnaokoa hewa ya dunia. Wana haki kwa sehemu: utengenezaji wa saruji unatoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa haitoki katika makaa ya mawe bali katika jiwe la chokaa lenyewe, kwani kila kilo 100 za kabonati safi ya kalsiamu zikichomwa hutoa kilo 44 za hewa hiyo. Kila kilo 50 za klinka ambazo hazikuchomwa ni takriban kilo 40 za hewa ya ukaa ambazo hazikutoka. Lakini majivu yenu yakisafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam, au zege ikabomolewa na kujengwa upya kwa sababu yalikuwa mabovu, faida hiyo inapotea. Uzeni Kahama, Shinyanga na Nzega kwanza, na kila mfuko uandikwe tarehe ya kuchomwa na namba ya tanuri, ili mteja akilalamika mjue mfuko wake ulitoka katika moto upi.